Mtambo wa mezani wa kukeneka maji (lita 4, wati 750): unavyofanya kazi kwa maji ya Kigoma

Mitambo hii huuzwa kwa majina mengi ya biashara, lakini ukifungua kifuniko unakuta kitu kilekile: chungu cha chuma kisichoshika kutu chenye ujazo wa lita 4, hita ya wati 750 chini yake, kifuniko chenye koili ya kupoozea na feni, na jagi la kupokelea maji. Kwa karakana ya betri, duka la vifaa vya sola au zahanati ya Kigoma, ni kifaa kinachofaa kununuliwa, kwa masharti. Maji yanayotoka yanatosha kabisa kwa betri yoyote ya asidi inayojaziwa maji. Shida iko kwenye kijitabu cha maelekezo, ambacho kimeandikwa kwa ajili ya watu wenye maji laini, yaani yenye chokaa na magnesi kidogo. Maji ya bomba ya Kigoma na Ujiji yanatoka Ziwa Tanganyika, na laini hayakuwahi kuwa. Anayekifuata kijitabu hicho neno kwa neno ataharibu hita mapema, na baadhi ya maji atakayoyapata hayatakuwa safi kama anavyodhani.

Kukeneka ni kuchemsha kimiminika, kukamata mvuke wake, kisha kuupoza urudi kuwa kimiminika kwenye chombo kingine. Chenye kuruka na mvuke huvuka, kisichoruka hubaki chunguni. Kwa njia hiyohiyo hupatikana marashi ya waridi, na kwa njia hiyohiyo mafuta ghafi hugawanywa kuwa petroli, mafuta ya taa na dizeli, kila kimoja kikitoka kwa joto lake. Kwenye maji kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu chumvi, chokaa, chuma na magnesi haviruki kabisa katika joto la kuchemka. Kuchuja ni kazi nyingine: chujio huzuia tope na uchafu usioyeyuka, lakini chumvi iliyokwisha kuyeyuka hulipita. Kuchemsha peke yake ndiko kunakozidisha mambo. Vijidudu vinakufa, maji yanapungua, na chumvi iliyobaki inakolea. Wanaojazia betri maji ya kunywa yaliyochemshwa wakiamini wamefanya jambo la usalama wanaongeza dhara.

Sasa maji yenyewe. Ziwa Tanganyika lina upitishaji umeme wa kama maikrosimensi 650 hadi 700 kwa sentimita. Chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi. Kipima TDS (kipima vitu vilivyoyeyuka majini) cha mkononi ukikitumbukiza humo kitasoma zaidi ya 300 ppm, yaani sehemu 300 katika milioni. Ni maji ya upande wa alkali, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inayokaribia 9 kwenye tabaka la juu, yana bikabonati nyingi, na magnesi yake inazidi kalisi kwa mbali. Klorini ya chumvi, yaani kloridi, inafika karibu miligramu 27 kwa lita. Kwa mnywaji hilo si tatizo. Kwa betri ni tatizo, na kwa chungu cha mtambo ni tatizo la kila siku, maana lita 4 zikikauka zote huacha takriban gramu moja na nusu hadi mbili za ukoko mweupe. Mwenye mtambo huohuo Tabora, anakofikiwa na maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, ana nafuu kubwa: upitishaji wa maji ya Victoria ni kama maikrosimensi 100 tu. Maji yaliyovutwa kisimani ni habari nyingine, yapimwe kwanza. Ndiyo maana sifa unazosikia kwa mtu wa Tabora kuhusu mtambo huu usizihamishie Kigoma bila kufikiri.

Kwa nini fundi ahangaike na miligramu? Kwa sababu betri inapochajiwa hupoteza maji tu, chumvi haiendi kokote. Kila Ah 1 (ampea moja kwa saa moja) ya chaji inayozidi mahitaji huvunja gramu 0.34 za maji katika kila seli, yaani kila chumba cha betri, na betri ya volti 12 ina seli sita, kwa hiyo ni kama gramu 2. Yale maji yanaondoka kama haidrojeni na oksijeni. Ukijazia maji yenye chumvi, maji yataondoka tena na chumvi itabaki, ukijazia tena itaongezeka. Betri yenyewe inakuwa sufuria inayokaukia jikoni. Kloridi hula fremu za risasi za upande chanya. Chuma ndicho kibaya zaidi, kwani huenda na kurudi kati ya bamba chanya na bamba hasi, kikipokea na kuachia umeme, na betri inajimaliza yenyewe usiku kucha bila kuunganishwa na chochote. Mteja analeta betri ya miezi minane akisema “haikai chaji”, anaambiwa amenunua feki. Mara nyingine betri ilikuwa nzima, aliiua kwa maji ya bomba.

Turudi kwenye mtambo: muda na umeme. Hesabu hapa haina ujanja wa kibiashara, ni fizikia. Kupandisha lita 4 kutoka joto la kawaida hadi kuchemka kwa wati 750 kunachukua kama dakika 27. Baada ya hapo kila lita inahitaji dakika 50 za kugeuka mvuke, na ukiongeza joto linalopotea pembeni inakaribia saa nzima. Kwa hiyo lita 3 zinapatikana kwa kama saa tatu na nusu, na zinakula uniti 2.5 hadi 2.7. Kwa anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti, lita moja inasimama kwenye shilingi 300 na ushei. Muuzaji akikuambia mtambo wa wati 750 unatoa lita 2 kwa saa, usibishane naye, nenda duka jingine. Haiwezekani.

Kigoma mjini iko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Tabora, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, yanachemka kwenye 96. Kipimajoto kikigoma kufika 100 hita haijachoka.

Kinachochelewesha kazi kwelikweli ni volti kushuka. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volti: kwenye mwisho wa laini ambako jioni umeme unashuka hadi 190, hita ya wati 750 iliyotengenezwa kwa volti 230 inatoa kama wati 510. Lita iliyokuwa inachukua saa moja inachukua saa moja na nusu au zaidi, kwa sababu joto linalopotea pembeni halijapungua. Maji hayaharibiki, unachelewa tu. Umeme ukikatika katikati pia hakuna hasara, utaendelea ulipoishia. Fanya kazi hii asubuhi au usiku mnene kama eneo lenu lina shida hiyo.

Wenye sola wanaouliza kama wanaweza kuuendesha kwa inveta: kwa betri moja ya Ah 100, hapana. Nusu ya betri hiyo, ambayo ndiyo unayoweza kuitumia bila kuiumiza, ni kama Wh 600 (wati-saa, sawa na uniti 0.6). Zaidi ya nusu ya hizo zinaishia kwenye kupasha lita 4 tu, na kitakachotoka hakitafika nusu lita. Mwenye paneli za kutosha kuendesha mzigo huo mchana moja kwa moja, jua likiwa kali, anaweza. Mwingine asijaribu.

Namna ya kuutumia kwa maji ya ziwa

Hapa ndipo tunapotofautiana na kijitabu. Kinasema jaza hadi mstari wa juu, washa, subiri ujizime. Kujizima kwenyewe kunatokea chungu kikikauka na swichi ya joto ikikata. Kwa maji laini hilo linavumilika. Kwa maji ya Tanganyika kila ukaushaji unaoka ukoko wa magnesi na chokaa juu ya sakafu ya chungu, palepale hita ilipo, na ukoko hauruhusu joto kupita. Hita inazidi kupata moto, swichi inakata kabla ya maji kuisha, na siku moja fyuzi ya joto inaungua moja kwa moja.

Jaza chini kidogo ya mstari wa juu, kama kidole kimoja. Maji ya alkali yakianza kukolea hutoa povu, na povu likifika kwenye mdomo wa koili linabeba matone ya maji machafu pamoja na mvuke. Hayo yamevuka bila kukenekwa. Ukipima jagi ukakuta 15 au 20 ppm wakati jana ilikuwa 1, sababu ya kwanza ya kuangalia ni hii.

Washa bila kuweka jagi lako safi. Weka kikombe. Maji ya bomba yana dawa ya klorini, nayo huruka mapema, kadhalika gesi nyingine zozote zilizoyeyuka. Kikombe cha kwanza, kama mililita 100, mwaga au tumia kuoshea vyombo. Ukiwa na nafasi, acha maji ya kuchemshia kwenye ndoo wazi usiku mzima kabla, klorini nyingi itakuwa imeondoka. Kifuko cha mkaa kinachowekwa kwenye mdomo wa jagi ni kwa ajili ya ladha ya mnywaji. Kwa betri kiondoe, hasa kikiwa kipya, maana lita za mwanzo hukisuuza na kubeba vumbi lake.

Zima kwa mkono jagi likifika lita 3. Hii ndiyo kanuni inayookoa mtambo. Lita 4 zikibaki lita 1, chumvi imekolea mara nne, bado ni salama. Ukisukuma hadi nusu lita imekolea mara nane na povu linaongezeka. Mwaga mabaki yakiwa bado ya moto, kwa uangalifu, suuza na kufuta kwa kitambaa. Ukoko ambao haujakauka hutoka kwa maji tu. Uliokauka unadai kazi. Mtu mwenye haraka afunge kipima muda cha ukutani kwenye plagi, akiweke saa tatu na nusu, halafu aendelee na shughuli zake.

Mvua ikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, usitumie maji ya bomba tena. Kinga maji ya paa la bati, baada ya mvua ya kwanza kuliosha, na uweke kwenye mapipa ya plastiki yenye kifuniko. Maji hayo mara nyingi yanasoma chini ya 30 ppm, na chungu kitabaki king’avu kwa muda mrefu. Wapo wanaosema basi kwa nini tuyakeneke, si tuyatie betri moja kwa moja. Bati hutoa zinki, paa lina vumbi jekundu lenye chuma na kinyesi cha ndege, na kipima TDS hakionyeshi kila kilichomo. Yakeneke. Tofauti ni kwamba kusafisha chungu kutakuwa kazi ya mara chache badala ya kila mara.

Kusafisha

Kwa ukoko uliokwisha kushika, asidi ya limau ya unga ndiyo bora. Vijiko vinne au vitano vya chai kwa lita moja ya maji ya moto, mimina mpaka ukoko ufunikwe, acha nusu saa, mapovu yakiisha sugua kwa sponji laini na suuza mara mbili. Bila unga huo, juisi ya limau tano au sita ndani ya maji ya moto itafanya kazi, polepole. Siki nyeupe nayo inayeyusha, lakini usiwashe mtambo ikiwa ndani na kifuniko kikiwa juu: asidi ya siki huruka na mvuke, itaingia kwenye koili na utaivuna kwenye maji ya kesho. Asidi ya limau hairuki, ndiyo sababu ya kuipendelea.

Usitumie dawa ya kufulia yenye klorini, inachimba vitundu kwenye chuma kisichoshika kutu. Stilwuli pia hapana: inaacha chembe za chuma zinazoota kutu, na umerudisha kwenye chungu kitu kilekile ulichokuwa unakitoa. Wala usizamishe chungu kizima kwenye karai, umeme uko chini yake. Ni ajabu ni mitambo mingapi inayokufa kwa kuoshwa kama sufuria ya ugali.

Kupima kilichotoka

Kipima TDS cha bei ndogo kinatosha karakana. Maji mapya yasome 0 hadi 3, ya kuhifadhiwa yasizidi 5. Kipimo hicho hupima upitishaji umeme na kuubadili kuwa namba, kwa hiyo hakioni vijidudu, mafuta wala pombe. Karatasi ya kupimia pH ikionyesha uasidi kidogo, pH 5.6 hivi, usishtuke na usirudishe mtambo dukani: maji safi hufyonza kabonidayoksaidi ya hewani dakika chache tu baada ya kutoka. Hayaumizi betri, ambayo ndani yake tayari kuna asidi ya salfuriki.

Namba ikipanda ghafla na hukujaza kupita kiasi, angalia chombo cha kuhifadhia. Maji yaliyokenekwa yana njaa, yanayeyusha chochote yanachogusa. Dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia halisafiki kabisa. Chupa za maji ya kunywa zinafaa zikisuuzwa mara mbili kwa maji haya haya yaliyokenekwa, na faneli iwe ya plastiki. Kopo la bati au ndoo ya chuma, hata ikiwa mpya, hapana.

Harufu ya plastiki kwenye lita za kwanza ni ya kawaida kwa mtambo mpya. Endesha mara mbili tatu na kumwaga. Ikiendelea, tatizo ni mdomo au jagi la plastiki duni, na hapo ndipo jagi la kioo linapostahili bei yake. Mvuke ukitoka pembeni mwa kifuniko, mpira wa silikoni umekaa vibaya au umechoka: utapoteza maji na chumba kitajaa unyevu, ila kilichoingia kwenye jagi bado ni safi. Mvuke ukitoka mdomoni badala ya matone, feni haifanyi kazi yake. Ama imekwama kwa vumbi, ama mtambo umebanwa ukutani. Juu na pembeni pawe wazi angalau shibiri moja. Feni inapaswa kuondoa joto lote lililoingia kwenye mvuke. Bila feni, kupoza lita moja tu ya maji haya kungehitaji kama lita 18 za maji baridi ya kupitisha juu ya koili, tena yapande nyuzi 30. Hapo utaelewa kwa nini wanaojaribu kwa pipa, bomba na mkaa huchoka haraka. Mkaa wenyewe huenda gramu 300 hadi 350 kwa lita kwenye jiko la kawaida, na bomba la shaba wanalolipenda linaacha shaba kwenye maji, kitu kingine kisichotakiwa ndani ya betri.

Mtambo au maji ya dukani?

Maji ya betri yanayouzwa dukani si mabaya kwa sababu tu ni ya dukani. Mengine hayajakenekwa, yamepitishwa kwenye resini inayonyang’anya chumvi, na kwa betri yanafaa sawasawa. Yapime: 5 ppm au chini, nunua. Yakisoma 40, hayo ni maji ya kunywa yaliyovishwa lebo.

Hatari kubwa zaidi dukani ni nyingine. Vitu viwili tofauti vinaitwa maji ya betri: maji safi ya kujazia, na asidi iliyochanganywa tayari kwa betri mpya kavu. Chupa zinafanana, muuzaji ana haraka, na mnunuzi anasema tu “nipe maji ya betri”. Anayejazia asidi mahali pa maji anafanya betri yake iwe kali kupita kiasi, bamba zinaliwa, na haidromita (kipima uzito wa kimiminika cha betri) inamdanganya kuwa chaji imejaa. Kuvitambua ni rahisi. Haidromita ndani ya maji husoma 1.000, ndani ya asidi husoma 1.200 kwenda juu. Kama huna haidromita, dondoshea tone kwenye chembe za magadi: asidi inafoka mapovu, maji yanalowesha tu. Usionje. Usiguse kwa kidole.

Na kwa sababu wengi wanaonunua mtambo huu wanataka kujazia betri: chaji kwanza, jazia baadaye. Kimiminika hupanda betri ikichajiwa, ukiwa umejaza hadi juu kitafurika na asidi itapotea. Ila kama bamba zimekwisha kuwa wazi, zifunike kwa maji kidogo tu ndipo uchaji. Kimo cha mwisho ni kama milimita 10 juu ya bamba, au hadi chini ya pete ya tundu kama ipo. Betri iliyojaa, haidromita ikisoma 1.265 hadi 1.280 kwenye seli zote, iko sawa. Seli moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa pointi nyingi, hakuna maji duniani yatakayoiponya. Betri inayodai maji kila wiki nayo haina shida ya maji. Chaja au kontrola (kidhibiti cha chaji ya sola) inapitisha volti kubwa mno, pengine juu ya 14.8 kwa muda mrefu, au kontrola haipo kabisa na paneli imefungwa moja kwa moja, jambo linaloonekana sana kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa.

Hesabu ya kununua ni hii. Tuseme lita ya dukani ni shilingi 2,000 na yako inakugharimu 320. Unaokoa 1,680. Mtambo ukiuzwa 300,000, utakuwa umerudisha fedha ukifika lita 179 hivi. Karakana inayotumia lita 10 kwa wiki inafika huko ndani ya miezi minne na kidogo. Mwenye nyumba mwenye betri mbili za sola, anayetumia lita 4 au 5 kwa mwaka, hatafika maishani, na anunue maji ya dukani aliyoyapima. Weka bei ulizotajiwa wewe kwenye hesabu hiyohiyo. Mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, wenye boti nyingi zenye betri za kuwashia injini na za taa, ungeweza kutumia mtambo mmoja kwa ushirika, mtu mmoja akawa na jukumu la kuusafisha.

Kwa zahanati, mtambo unafaa kwa maji ya otoklevu (chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke) ya mezani, ambayo maji ya ziwa huijaza ukoko haraka, na kwa kichupa cha unyevu cha mashine ya oksijeni, kwa kufuata maelekezo ya mashine hiyo. Mpaka uwe wazi hapa: maji yaliyokenekwa si maji ya sindano. Yametoka safi kwa chumvi, lakini jagi, mdomo wa mtambo na hewa ya chumba havijatakaswa, na maji yakikaa vijidudu vinaweza kuota humo. Kuchanganyia dawa za sindano ni kosa la kuua mtu.

Kuyanywa hakuna ubaya kwa anayekula chakula cha kawaida. Ladha yake ni bapa, na kwa bei ya umeme huo ni anasa.

Kukeneka pombe humo, hapana kabisa. Gongo ni haramu kisheria, na zaidi ya sheria kuna mvuke wa pombe unaopita karibu na mota ya feni na viungo vya umeme visivyokingwa dhidi ya moto. Kukeneka mchaichai au mkaratusi kutafuta mafuta pia usifanye kwenye mtambo wa maji ya betri. Harufu itashika mpira na koili, na kila lita baada ya hapo itakuwa na filamu ya mafuta ambayo kipima TDS hakitaiona. Anayetaka mafuta ya mimea atafute chombo chake, chenye kikapu cha majani juu ya maji na kitenganishi cha mafuta.

Ukifika dukani, kabla ya kulipa, fungua kifuniko na uangalie koili kwa tochi. Iwe ya chuma kisichoshika kutu, siyo alumini, ambayo ni nyepesi, ya kijivu kisichong’aa na hukwaruzika kwa ncha ya ufunguo. Shika sumaku ukipenda, lakini usiitegemee, kwani vyuma vingine visivyoshika kutu huvuta sumaku kidogo. Angalia plagi: nyingi zinakuja na pini mbili za duara, na muuzaji anakupa adapta. Chungu ni cha chuma chenye maji na umeme, kwa hiyo waya wa ethi lazima ufike ukutani, na adapta nyingi za bei rahisi zinaukata. Badili kabisa, funga plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ya ampea 5, mtambo unavuta kama 3.3 tu. Omba mpira wa kifuniko wa akiba na ulize kama feni yake inapatikana peke yake, hizo mbili ndizo zinazochoka kwanza. Mwisho, mtambo ukiwa hujachomekwa na swichi imewashwa, pima kwa multimita kati ya pini mbili za umeme. Hita nzima ya wati 750 ya volti 230 inasoma karibu omu 70. Ikisoma wazi kabisa, fyuzi ya joto au hita imekwisha kuungua, rudisha kwenye rafu. Pima tena kati ya pini ya umeme na mwili wa chungu: hapo isome wazi, na ikionyesha namba yoyote umeme unavuja, usiuchukue hata kwa nusu bei.